Ufunguo Haulali Mfukoni

Kwangu hapa Ngoingwa, mgeni akija na gari, ufunguo anautundika kwenye msumari ulio kando ya mlango wa jikoni kabla hajakalia kiti. Hataki, arudi alikotoka, chai atakunywa kwake. Watoto wangu wamechoka na sheria hii. Kijana wangu wa kwanza amenunua moja ya yale magari makubwa ya siku hizi, linalowashwa kwa kubonyeza kidole, na siku ya kwanza alipokuja nalo alisimama mlangoni akanicheka. "Mathe, hii haina ufunguo wa kutundika. Inajua tu niko karibu." Nikamwambia basi atundike hicho kinachoiambia yuko karibu. Akakitundika. Ni kidude cheusi kama kipande cha sabuni, na kinaning'inia pale mpaka anapoondoka.

Wananiita mkorofi, nami sikatai. Nimefika umri wa kuitwa chochote. Lakini anayetaka kujua sheria ya msumari huu ilitoka wapi, aketi nimwambie, na asinikatize kwa kunisifia viti vya ngozi na kipupwe cha ndani. Viti hivyo nimevikalia. Nimevipenda hata. Nilisinzia kutoka Thika mpaka Ruiru kama mtoto aliyeshiba ziwa. Ugomvi wangu na magari hayo ni mwingine kabisa.

Baba yangu alikuwa dereva kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Shamba lilipoanza kuuza magari yake makuukuu, alinunua landrova moja fupi ya dizeli, ya kijani kilichopauka mpaka mtu asijue kilikuwa kijani gani. Mvua ikinyesha nje, ndani ilinyesha zaidi. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa waya. Ukipita kwenye shimo meno yanagongana, na ukifika Thika unashuka umejishika kiuno. Wanaosema magari ya zamani yalikuwa na raha, ama wanadanganya ama hawakuwahi kuyapanda. Baba mwenyewe alikuwa akikalia gunia lililokunjwa mara nne.

Mwaka wa pili stata ikafa. Fundi mmoja wa Ruiru akamtajia bei ya nyingine, baba akamshukuru vizuri, akaenda zake. Kesho yake akaanza kubeba udongo.

Nyumbani kwetu Kalimoni palikuwa tambarare kama sinia, na landrova isiyo na stata inataka mteremko. Unaitolea jiwe, inajiviringisha, unaachia klachi ikiwa gia ya pili, inakohoa, inawaka. Kama mteremko hauna, unautengeneza, na ndivyo baba alivyofanya. Miezi mitatu familia nzima tulibeba marram, ule udongo mwekundu wa barabarani, maganda ya kahawa, na vipande vya mawe ya Ndarugo vilivyobaki kwenye ujenzi wa watu. Kikainuka kilima cha kimo cha mtu mzima mbele ya nyumba, kikishuka polepole kuelekea lango. Ukirudi safari, unaipandisha kinyumenyume mpaka juu, unaweka jiwe chini ya gurudumu, unazima. Majirani walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama tumezika ndovu.

Kilima kikaja na sheria zake. Chini ya kilima hapaegeshwi kitu: si baiskeli, si mkokoteni, si kamba ya nguo, si kuku aliyefungwa mguu. Njia kutoka juu mpaka langoni iwe wazi usiku na mchana. Na sheria ya pili ni ule msumari. Baba aliupigilia nje, kando ya mlango wa jikoni, akatundika ufunguo wa landrova hapo, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuuona.

"Ufunguo haulali mfukoni," alikuwa akisema. "Mfuko una mwenyewe, na mwenyewe anatembea."

Mama yetu, tuliyemwita Maitu kama nyumba zote za huko, alimwambia wezi watashukuru. Baba akacheka. Mwizi gani angeiba gari lile, alazimike kulisukuma hadi Nairobi? Na kweli haikuibwa. Siku moja tulirudi kanisani tukakuta kilima kitupu na ufunguo haupo. Kabla hatujamaliza kushangaa, mwalimu jirani yetu akaingia nayo. Alikuwa amempeleka mke wa mtu zahanati. Akaipandisha kilimani kinyumenyume kama inavyotakiwa, akaweka jiwe, akatundika ufunguo, akatuachia mkungu wa ndizi kwenye kiti. Baba hakuona ajabu yoyote.

Hapo kilimani ndipo nilipojifunza kuendesha. Mtu mwingine anaujua mji kwa maduka yake, mimi niliijua Thika na Ruiru kwa miteremko. Nilijua pa kuegesha kule kunakoshuka kwenda mto Chania, nilijua ni upande gani wa soko ardhi inainama kidogo, na Ruiru nilijua vijisehemu vitatu karibu na mto ambapo hata mtu mmoja angeisukuma kwa bega ikawaka. Makongeni nilipaogopa kwa utambarare wake. Makongeni niliacha injini ikinguruma nikakimbia dukani nikarudi. Hadi leo nikiingia mahali pa kuegesha, macho yangu yanatafuta panapoinama, na gari langu la sasa lina stata nzima wala haijawahi kunisumbua.

Baba alifariki mapema katika miaka ya tisini. Hatukuwa na kaka. Dada yangu mdogo aliogopa usukani, kwa hiyo landrova ikawa yangu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuweka mananasi mikebeni pale Thika, na Jumamosi nilibeba mahindi ya Maitu, mabati ya jirani, majeneza, chochote. Vijana stendi waliniita "Fundi". Walikuwa wakinisukuma wakinitania, "Madam, tukikuoa tutakuwa tunasukuma kila asubuhi?" Nami nikiwajibu, "Wewe huna hata nguvu ya kusukuma wilbaro."

Sasa, baba alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake. Tulimwita Baba Mdogo, ingawa lile tumbo lake halikuwa na udogo wowote. Alikaa Ruiru. Miaka hiyo mashamba ya kahawa yalikuwa yakikatwa vipande na kuuzwa, na yeye alikuwa wakala wa ploti. Pesa zikamkalia vizuri. Akanunua gari kubwa la Kijapani, jeusi, la kwanza la aina hiyo tuliloliona Kalimoni. Vioo vyake vilikuwa giza, na magurudumu yake yalikuwa makubwa ungedhani linakwenda kupanda mlima Kenya. Lilikuwa na king'ora pia. Kuku akiruka juu ya boneti, lilipiga mayowe mpaka Baba Mdogo atoke na kubonyeza kitu kwenye ufunguo.

Sisemi lilikuwa baya. Kipya kinyemi, na hata mimi nililizunguka mara mbili nikiligusa kwa kidole. Lakini kila alipokuja alikiangalia kilima chetu na kutikisa kichwa. "Hii jaa la marehemu mtaliondoa lini? Uzeni hiyo chuma chakavu, mnunue ng'ombe ya maziwa." Na akiniona mimi nimeshika spana, anaongeza, "Wewe msichana, dadako mdogo ameolewa. Nani atakutaka ukinuka dizeli?" Maitu anacheka kwa adabu, mimi narudi kukaza nati. Alikuwa ndugu wa baba yangu.

Ulipofika mwaka wa zile mvua za Elnino, ambazo hazikutaka kuisha, dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe aliendesha malori ya masafa, wiki nzima yuko Malaba, basi Maitu akamleta nyumbani akae naye mwezi wa mwisho. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Baba Mdogo akaingia na gari lake jeusi. Nyuma yake kulikuwa na pikapu kuukuu ya wateja waliotaka kuona ploti upande wa Murera. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo na barabara ya Murera ilikuwa uji mtupu.

Baba Mdogo akashuka, akaliegesha gari lake chini ya kilima, katikati kabisa ya njia ya lango, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na marram na magurudumu yasingeshika tope. Nilitoka jikoni nikikimbia.

"Baba Mdogo, hapo hapaegeshwi. Wajua."

"Ni dakika kidogo tu."

"Si uende nalo Murera? Si ni gari ya matope hiyo?"

Akanitazama kama niliyemtukana mama yake. "Nimeiosha jana," akasema. Akapanda pikapu ya wateja wake, amekunja suruali, ufunguo ukacheza mfukoni mwake, wakaenda.

Sijui hata leo kama nilipaswa kumkimbilia. Nilikuwa nimeshamwambia. Nilirudi kuosha vyombo nikiwa na hasira, nikiapa kwamba akirudi nitamwambia tena mbele ya wateja wake. Labda nusu saa ilipita. Ndipo nikamsikia dada yangu akiita kutoka chumbani, sauti ndogo, ya kuona haya.

Damu ilikuwa imetangulia uchungu. Maitu alishika shuka, akaitazama mara moja, akatoka nje. Alikuwa amewazalisha wanawake wengi pale kijijini, na sikuwahi kumwona akiogopa. Siku hiyo midomo yake ilikuwa imekauka.

"Hii si ya kungoja," aliniambia. "Hii ni Thika, sasa hivi. Akikaa hapa nitampoteza, yeye na mtoto."

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Landrova ilikuwa juu ya kilima ikitazama lango, kama baba alivyotaka. Na katikati lilikuwa gari jeusi, limekingama njiani, linang'aa, limefungwa.

Tulijaribu kwanza kwa adabu. Nilivuta mlango, likaanza kupiga mayowe. Tulisukuma sote wawili, mimi na Maitu, mikono kwenye boneti, miguu ikiteleza, na lile halikutikisika hata kidole. Landrova yetu ungeweza kuitoa gia kwa mkono, kuifungua handibreki, mwanamke mmoja akaisukuma hadi kando. Hili lilikuwa limejifunga lenyewe ndani, gia, usukani, milango, na anayelijua yuko Murera anaonyesha watu mipaka. Simu hatukuwa nayo, wala yeye. Barabara ya lami ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa mguu. Jirani mwenye mkokoteni wa punda alikuwa kanisani, na Maitu alisema mtikisiko wa mkokoteni ungemmaliza njiani.

"Nimkimbilie Baba Mdogo?" niliuliza.

"Utampata wapi? Murera ni shamba kumi."

Dada yangu aliita tena. King'ora kilikuwa bado kinalia, na nilipomsikia juu ya kelele ile, kitu kilinipanda kifuani ambacho sijui kukiita vingine isipokuwa hasira. Nilichukua ufunguo nikapanda kilima.

"Unaenda wapi?" Maitu akauliza.

"Maitu, toa jiwe."

"Ai! Hiyo ni gari ya wenyewe!"

"Na huyo ndani ni mtoto wa nani? Toa jiwe."

Maitu akaangalia mlango wa nyumba. Kisha akainama, akashika lile jiwe kwa mikono miwili, akalivuta.

Landrova ikashuka. Niliacha ishuke yote, mpaka chini kabisa, nikaachia klachi ikaguna na kuwaka, na papo hapo bampa ya chuma ya baba ikamkuta yule mgeni ubavuni, nyuma ya mlango. Ilikuwa kishindo cha sufuria kubwa ikianguka jikoni. Kifua changu kiligonga usukani. Lakini injini haikuzima. Nikaingiza ile gia ya nguvu, ya kulimia, nikaegemeza bampa pale pale palipobonyea, nikasukuma. Polepole kama trekta. Gari jeusi lilikataa kwanza, kisha likaanza kuteleza kiubavu kwenye majani yaliyolowa, magurudumu yake yamekaza, linalia, linalia, mpaka nikaliingiza kwenye ua wa miti ya kaiyaba kando ya lango. Miba ilichora rangi yote ya upande wa pili. Njia ikawa wazi.

Sikushuka. Maitu alimleta dada yangu amemkumbatia kiuno, akamlaza nyuma juu ya magodoro mawili, nikafungua lango kwa bampa na tukatoka. Barabara yetu siku hiyo ilikuwa tope la kufika magotini. Landrova ilikwenda ikinung'unika na haikusimama mahali. Nilikuwa nikizungumza na baba njia nzima, kwa sauti, namwambia asithubutu kuiacha izime. Juja, barabara kuu, Thika. Pale hospitali askari wa lango alinisimamisha akaniamuru nizime injini. Nikamwambia nikizima atasukuma yeye. Akaangalia nyuma, akamwona dada yangu, akafungua lango kwa mikono yake miwili.

Walimpasua jioni ile. Msichana. Alikuwa mdogo na mwenye hasira, amekunja ngumi. Dada yangu aliwekewa damu chupa mbili, na asubuhi alifungua macho akauliza nani analisha kuku.

Mimi nilirudi nyumbani jioni hiyo hiyo kuchukua nguo zake. Baba Mdogo alikuwa amesimama uani na wateja wake, suruali imejaa tope hadi mapajani. King'ora alikuwa amekinyamazisha. Aliponiona aliinua kidole.

"Wewe! Umefanyia gari yangu nini?"

Nilisimama nikangoja. Nilimngojea aulize lile swali lingine. Damu ilikuwa kwenye mikono ya sweta yangu, na kila mtu pale aliiona, hata wateja. Yeye akapiga mbio kwenye ua wa kaiyaba akinionyesha mikwaruzo, huu hapa, na huu, na huu, na ubavu ulivyoingia ndani. Hakuuliza dada yangu yuko wapi. Hakuuliza.

Nikaingia ndani, nikachukua nguo, nikatoka. "Uliegesha chini ya kilima," nilimwambia. Nikaondoka.

Wiki haikuisha akatuma neno. Nisikanyage kwake, naye hatakanyaga kwetu, mpaka nimpelekee mbuzi wa kuomba msamaha, mbele ya watu, kwa kumvunjia heshima ndugu wa baba yangu. Mtu angemwambia gari litengenezwe, angekataa. Alilibeba lile bonyeo mwaka mzima kama ushahidi, akiwaonyesha jamaa mazishini na harusini. "Tazameni mtoto wa ndugu yangu alichonifanyia." Shangazi zangu wakaanza kunipitia mmoja mmoja. Mbuzi ni nini? Mpe mbuzi yaishe. Wewe ndiye mdogo.

Nilikataa. Nilikataa nikiwa na mbuzi wanne zizini.

Kukataa kwangu kungebaki hasira ya kawaida tu kama mwaka uliofuata nisingempata mtu wa kunioa. Alikuwa mpole, fundi wa maji pale Thika, na landrova haikumtisha. Watu wake wakapanga siku ya kuja kwa ruracio, kuzungumza mahari. Na ruracio haina mzungumzaji mwanamke. Baba hayupo, anayeketi mahali pake ni ndugu yake, na ndugu alikuwa mmoja. Bila Baba Mdogo, wageni wangepokewa na nani? Wangekunywa uji wakarudi, na watu wangesema msichana yule hana ukoo.

Maitu alinililia jikoni. "Mpelekee mbuzi. Nakuomba. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa jiwe, nitakwenda nawe, nitasema ni mimi."

"Hatutasema hivyo," nilimwambia. "Hatukukosa. Nikimpelekea mbuzi, nitakuwa nimesema dada angengoja."

Lakini nilikwenda Ruiru. Nilikwenda bila mbuzi. Nilimfunga mgongoni yule mtoto wa dada yangu, ambaye sasa alikuwa na miezi minane na mashavu kama maandazi, nikaenda na landrova hadi langoni kwa Baba Mdogo. Kwake palikuwa tambarare, zege kila mahali, kwa hiyo injini niliiacha ikinguruma. Alitoka na gazeti mkononi.

"Zima hiyo kelele."

"Nikizima utasukuma?"

Akalikunja gazeti. Gari lake lilikuwa pale kivulini na bonyeo lake. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamweka mikononi mwake kabla hajakataa, na mwanamume hata awe na hasira vipi, mtoto akiwekwa mikononi hamwachi aanguke.

"Sikuja kuomba msamaha," nilisema. "Nimekuja umwone. Ndiye huyu. Jumamosi ya pili watu wanakuja nyumbani saa nne, na baba hayupo. Ukija, karibu. Usipokuja, nitawapokea mimi mwenyewe, na waseme watakavyo."

Mtoto alimshika pua. Baba Mdogo aliutoa ule mkono polepole. Alimtazama, na injini ikaendelea kunguruma nyuma yetu. Mwishowe akanirudishia mtoto, akaingia ndani akafunga mlango. Nikaondoka nikijua nimeharibu kila kitu. Nililia kutoka Ruiru mpaka Juja, kisha nikajipangusa, maana sikuwa tayari kujuta.

Jumamosi ile wageni walifika saa nne kamili. Lango lilifungwa kama desturi, wanawake wakaimba, wa nje wakajibu. Waliingia, wakaketishwa. Kiti cha mbele kikabaki kitupu. Saa nne na nusu. Wazee wa upande wa pili wakaanza kutazamana. Maitu alikuwa ameinamia sufuria ya mukimo akiikoroga na ilikuwa imeshaiva zamani. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni na nguo yangu mpya, najipanga la kusema. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja.

Nikasikia gari. Halikuingia. Lilisimama nje kabisa, barabarani, nje ya ua wa kaiyaba, kwenye tope. Baba Mdogo akapita langoni kwa miguu, na suti, viatu vimechafuka. Aliupita upande wa wanaume bila kumsalimu mtu. Aliupita mguu wa kilima, akaangalia juu ilipokuwa landrova na jiwe lake, akaja moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni nilipokuwa nimesimama.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wake, na kile kidude cha king'ora kikining'inia. Akautazama msumari wa kaka yake. Ufunguo wetu ulikuwepo tayari.

"Hii msumari itashika mbili?" akauliza.

"Itashika."

Akautundika juu ya wetu, akaujaribu kwa kidole kuona kama hautaanguka, akarekebisha koti, akaenda kukalia kiti cha baba. Nilimsikia akiwakaribisha wageni kwa sauti yake kubwa, akiwaambia wasamehe, barabara ilikuwa mbaya.

Mbuzi sikumpelekea, mpaka tukamzika. Hakunidai tena. Siku ile ufunguo wake ulikaa pale kutwa nzima, mtu yeyote angeweza kuuchukua, na jioni alikuja kuuchukua mwenyewe maana hakuna aliyekuwa ameuhitaji.